Sekunde nane za kipa: sheria ni nzuri, lakini nani anamfundisha kipa wa Kolwezi?

MAONI

Kipa akidaka mpira siku hizi ana sekunde nane tu za kuuachia. Zikipita, wapinzani wanapewa kona. Sheria hiyo ilipitishwa Belfast tarehe 1 Machi 2025 na ikaanza kutumika rasmi Julai mwaka huohuo. Inamhusu kipa wa Real Madrid, na inamhusu vilevile kijana anayelinda lango kwenye viwanja vya vumbi vya Kasulo, Musonoi au Nzilo, hapa Lualaba.

Tangu ianze, mabishano hayajaisha. Wapo wanaoshangilia kwamba hatimaye kipa hawezi tena kulala juu ya mpira dakika ya 88 huku timu yake ikiongoza bao moja. Wapo wanaosema kipa anaonewa, kwamba kila soka inapotaka kuharakishwa, mtu wa kwanza kufungwa kamba ni yeye. Na wapo makocha wanaouliza swali dogo zaidi: hizo sekunde nane atazihesabu nani, katika mechi isiyo na hata saa ubaoni?

Pande zote zina ukweli wake. Lakini zikipimwa vizuri, sheria yenyewe inastahili kutetewa. Kinachostahili kulaumiwa ni kwamba mzigo wake umewekwa juu ya mchezaji anayefundishwa kidogo kuliko wote, na katika jimbo hili lenye shaba na kobalti hakuna haraka ya kubadilisha hali hiyo.

Adhabu kubwa isiyotolewa

Si kwamba kipa hakuwa na kikomo kabla ya hapo. Tangu mwaka 2000, pale ilipoondolewa ile sheria ya zamani ya hatua nne, kipa alikuwa na sekunde sita. Akizidisha, wapinzani walitakiwa wapewe mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, palepale ndani ya eneo la hatari.

Mashabiki wengi wameangalia soka miaka ishirini bila kuona adhabu hiyo ikitolewa. Sababu inaeleweka. Mpira wa adhabu ndani ya boksi ni karibu sawa na bao: timu nzima inajipanga kwenye mstari wa goli, watu wanasukumana, na mwamuzi anajua kwamba akipuliza filimbi, yeye ndiye atakayekuwa habari ya kesho yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye Olimpiki ya London, Agosti 2012, nusu fainali ya wanawake kati ya Kanada na Marekani. Kipa wa Kanada, Erin McLeod, aliadhibiwa kwa kukaa na mpira. Mpira wa adhabu uliofuata ukagonga mkono wa mchezaji wa Kanada, ikawa penalti, Marekani ikasawazisha 3-3, na mwishowe ikashinda 4-3 katika muda wa nyongeza. Sheria ilikuwa upande wa mwamuzi, lakini hadi leo mechi hiyo inakumbukwa kwa ile filimbi. Waamuzi wengine waliona, wakajifunza kufumba macho.

Hapo ndipo ulipo werevu wa sheria mpya. Muda umeongezwa kutoka sekunde sita hadi nane, na adhabu imepunguzwa kutoka mpira wa adhabu hadi kona. Inaonekana kama kipa amehurumiwa. Ukweli ni kinyume chake. Adhabu ndogo inayotolewa inaogopwa kuliko adhabu kubwa isiyotolewa kamwe. Mwamuzi hatakosa usingizi kwa kutoa kona.

Utaratibu nao ni wazi. Mwamuzi anaanza kuhesabu pale kipa anapokuwa ameumiliki mpira kwa mikono na hakuna mpinzani anayemzuia kuuachia. Zikibaki sekunde tano, anainua mkono juu na kuhesabu kwa vidole, ili kila mtu aone. Muda ukiisha, kona inapigwa kutoka upande ulio karibu na pale kipa aliposimama. Hakuna kadi kwa kosa la kwanza.

Kwenye Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani, Juni 2025, ulimwengu uliona jinsi inavyofanya kazi. Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns, mmoja wa makipa bora wa bara hili, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuadhibiwa, katika mechi dhidi ya Ulsan ya Korea Kusini. Agosti ikaja zamu ya Martin Dubravka wa Burnley, wa kwanza katika Ligi Kuu ya England. Baada ya hapo makipa wengi waligeuka kuwa watu wa haraka bila kuadhibiwa kabisa.

Kila mara ni kipa

Wanaosema kipa anaandamwa hawasemi uongo. Orodha ni ndefu.

Mwaka 1992, baada ya Kombe la Dunia la Italia lililojaa pasi za kurudishwa nyuma na mabao machache, kipa alikatazwa kudaka mpira uliopigwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake. Miaka mitano baadaye marufuku hiyo ikafika hadi kwenye mpira wa kurusha. Mwaka 2019 golikiki ikaruhusiwa kuchezwa fupi ndani ya boksi, na kipa akageuka kuwa mchezaji wa kwanza wa kujenga mashambulizi, atake asitake. Mwaka huohuo ikawekwa wazi kwamba wakati wa penalti lazima angalau sehemu ya mguu wake mmoja iwe kwenye mstari. Mwaka 2023, baada ya vituko vya Emiliano Martínez kwenye fainali ya Qatar, akakatazwa kumchanganya mpigaji, kuchelewesha mkwaju na kugusagusa nguzo na nyavu.

Mshambuliaji ana orodha gani? Fupi sana.

Lakini historia hiyohiyo inatoa jibu. Mwaka 1992 makipa na makocha wengi walilia kwamba kazi ya kudaka imekufa. Haikufa. Makipa walijifunza kucheza kwa miguu, mabeki wakajifunza kutorudisha matatizo yao nyuma, na mchezo ukawa mzuri zaidi kwa anayeutazama. Leo hakuna anayedai pasi ya nyuma irudishwe. Kipa wa sasa ana ujuzi ambao yule wa 1980 hakuombwa kuwa nao, na analipwa kwa ujuzi huo.

Kwa hiyo hoja kwamba sekunde nane zitamuua kipa haina uzito. Zitambadilisha, kama alivyobadilika mara zote. Swali ni kipa yupi atapata nafasi ya kubadilika.

Somo kutoka mchezo mwingine

Mjadala huu una ndugu yake mbali na soka. Nchini Marekani, katika mchezo wa besiboli, anayewindwa na watunga sheria ni mrusha mpira, yule anayesimama katikati ya kiwanja na kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Baada ya msimu wa 1968, ambao warushaji waliutawala kupita kiasi, tuta wanalosimama lilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Mwaka 2023 wakawekewa saa: sekunde 15 kama hakuna mpinzani aliyeshika kituo, 20 kama yupo. Wastani wa mechi ukapungua kutoka saa tatu na dakika chache hadi kama saa mbili na dakika 40.

Watazamaji walifurahi. Chama cha wachezaji hakikufurahi. Mwaka 2024 kilidai kwamba kuharakishwa huko kunawanyima warushaji muda wa kupumua na kunaweza kuongeza majeraha ya mikono. Uongozi wa ligi ulijibu kwamba tatizo ni tabia ya kurusha kwa nguvu zote kila mara, si saa. Ubishi huo haujamalizika.

Jambo moja hapo linapaswa kuangaliwa na wapenda soka wa Kongo. Kabla saa hiyo haijafika ligi kuu, ilijaribiwa kwa miaka kadhaa kwenye ligi za chini za Marekani. Kijana aliyepanda daraja alikuwa ameizoea. Alikuwa na kocha wa warushaji, daktari na video za kujitazama. Sheria ilimkuta ameandaliwa.

Majaribio ya sekunde nane yalifanyika kwenye mashindano ya vijana wa England na kwenye soka la Malta, na huko kona zilizotolewa zilikuwa chache mno kwa sababu makipa walizoea upesi. Hakuna jaribio lililofanyika Kolwezi, wala Likasi, wala Lubumbashi.

Sekunde nane zinaishaje?

Ili kuona tofauti, zihesabiwe polepole. Kipa amedaka krosi katikati ya watu na kuanguka. Sekunde mbili hadi tatu ni za kuinuka. Nyingine tatu ni za kukimbia hadi ukingoni mwa boksi. Zinabaki mbili, labda tatu, za kuamua: arushe kwa mkono kwa beki wa pembeni, apige kwa mguu, au aweke chini.

Kipa aliyefundishwa ameshaamua kabla hata hajadaka. Anajua winga wake wa kushoto ataanza kukimbia, na beki wa kulia atafungua upande. Kwake sekunde nane ni nyingi.

Kipa asiyefundishwa anaona mkono wa mwamuzi uko juu, vidole vinapungua, na anapiga mpira mbele bila kuangalia. Mara nyingi unaangukia kwa mpinzani. Hajaadhibiwa, hakuna kona, lakini timu yake imepoteza mpira na inashambuliwa upya. Hiyo ndiyo gharama ya sheria hii ambayo haitaonekana kwenye takwimu yoyote.

Na nani Lualaba anafundishwa kudaka? Katika timu nyingi za mtaani, anayewekwa golini ni yule aliyechelewa kufika, au asiyejua kupiga chenga. Kocha ni mmoja kwa wachezaji wote. Mazoezi yakifika kwenye mashuti, "gadien" anapigiwa mipira hadi achoke, na hayo yanaitwa mazoezi ya kipa. Kurusha kwa mkono, kusoma mchezo, kusimama vizuri kwenye kona, hayo anajifunza mwenyewe kwa kufungwa.

Kona nayo si adhabu ndogo kwa kila mtu. Kwa kipa mrefu mwenye mabeki waliopangwa, kona ni kazi ya kawaida. Kwa kijana wa miaka 16 kwenye kiwanja kikavu cha Agosti, vumbi machoni na watu kumi wakimzunguka, kona ni nusu ya bao.

Kuna pia suala la mwamuzi. Kuhesabu sekunde tatu kichwani na tano kwa vidole, huku akiangalia nani anamvuta nani jezi, ni kazi inayohitaji mazoezi. Bila mafunzo ya pamoja, kila mwamuzi atakuwa na sekunde zake. Sekunde za timu ya nyumbani zitakuwa ndefu na za wageni zitakuwa fupi, na mashabiki watasaidia kuhesabu kwa sauti. Sheria iliyotungwa kuondoa ubishi italeta ubishi mpya, na kwenye viwanja vyetu ubishi wa mwamuzi huwa hauishii mdomoni.

Halafu kuna lugha. IFAB, bodi inayotunga sheria za soka tangu 1886, huzichapisha kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Makocha wengi wa mitaa ya Kolwezi wanafundisha kwa Kiswahili. Kinachowafikia ni kile walichosikia redioni au walichoona kwenye televisheni ya baa.

Kutoijua sheria si aibu ya Mkongomani peke yake, ingawa dunia iliwahi kutubandika hivyo. Mwaka 1974, Mwepu Ilunga alipotoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu wa Brazil, watu walicheka kwamba Wazaire hawajui sheria. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba aliijua vizuri sana na alifanya makusudi. Kujua kulikuwepo. Kilichokosekana mwaka ule, kwa maelezo yake, ni kutunzwa kwa wachezaji.

Kutoka Kazadi hadi Fayulu

Eneo hili lina deni kwa makipa wake. Kazadi Mwamba alilinda lango la TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilipotwaa ubingwa wa klabu Afrika 1967 na 1968. Robert Kidiaba, yule wa kuruka kwa makalio baada ya kila bao, aliifikisha Mazembe fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, na akaipa Kongo nafasi ya tatu Afrika kwa mikwaju ya penalti mwaka 2015. Wote wawili waling'ara wakiwa hapa Katanga, kabla jimbo halijagawanywa.

Tazama waliofuata. Januari 2024 huko San-Pédro, Kongo ilipoitoa Misri kwa penalti 8-7, aliyefunga mkwaju wa mwisho alikuwa kipa Lionel Mpasi. Novemba 16, 2025 huko Rabat, dhidi ya Nigeria, kocha Sébastien Desabre alimtoa Mpasi mwishoni mwa muda wa nyongeza na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu. Fayulu akaokoa mikwaju, Kongo ikashinda 4-3. Uamuzi kama huo ni rahisi zaidi tangu sheria ilipoongeza wachezaji wa akiba, ushahidi kwamba mabadiliko ya sheria yanaweza pia kumfungulia kipa mlango.

Mpasi na Fayulu ni fahari ya taifa. Lakini wote walikulia Ulaya na wakafundwa na klabu za Ulaya. Kadiri sheria zinavyomdai kipa ujuzi zaidi, ndivyo pengo linavyopanuka kati ya aliyefundishwa na asiyefundishwa. Zamani kijana mwenye kipaji na ujasiri aliweza kufika timu ya taifa kwa mikono yake tu. Leo anaombwa miguu, macho na akili ya haraka, vitu vinavyotaka mwalimu. Bila mwalimu, kipa wa Kolwezi hatavaa jezi ya taifa hata akidaka kama simba.

Vipi wapoteza muda wengine?

Wanaopinga wana hoja moja ya mwisho: kwa nini ahesabiwe kipa tu? Beki anayeanguka na kujishika goti, mchezaji anayetoka uwanjani kwa mwendo wa maziko, anayefuta mpira kwa jezi dakika nzima kabla ya kurusha, hao nao wanaiba muda.

Hoja hiyo ni sahihi, na kuhesabu sekunde kwa mipira ya kurusha na golikiki kumekwisha anza kujadiliwa kwenye vikao vya IFAB. Lakini dawa ya wizi wa wengi si kumwachia mmoja aendelee. Kipa amekuwa na mwanya mkubwa zaidi kwa sababu ndiye pekee ambaye mpinzani haruhusiwi kumnyang'anya mpira ulio mikononi mwake. Mwenye ulinzi ambao wengine hawana ndiye anayeanza kuwekewa mpaka.

Kinachotakiwa

Lualaba haina kura Belfast. IFAB ina kura nane: nne za vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, nne za FIFA, na mabadiliko yanahitaji kura sita. Kulalamika kutoka Kolwezi hakutaiondoa sheria hii. Lakini mambo matatu yako ndani ya uwezo wa jimbo.

La kwanza ni mafunzo ya waamuzi kabla ya kila msimu, kiwanjani na kwa saa mkononi, hadi sekunde nane za Dilala ziwe sawa na sekunde nane za Manika. La pili ni karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoeleza mabadiliko ya sheria, ibandikwe kwenye kila kiwanja na isomwe redioni. La tatu, na ndilo kubwa, ni kocha wa makipa. Si lazima kila timu iwe na wake. Kocha mmoja aliyesoma kazi hiyo, anayekusanya makipa vijana wa mtaa mzima mara mbili kwa wiki, angebadilisha mengi.

Pesa zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inazipa mamlaka za chini, zikiwemo manispaa na uchifu, asilimia 15 ya mrabaha wa madini, na inazitaka kampuni za migodi zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Hakuna anayesema soka lije kabla ya maji, shule au hospitali. Lakini mshahara wa makocha wachache wa makipa ni kitu kidogo mbele ya malori ya shaba yanayopita Kolwezi usiku na mchana.

Viongozi wa soka wa Lualaba wasisubiri hadi mtoto apigiwe kona ya dakika ya mwisho, timu ishuke daraja, na lawama zote zimwangukie yeye. Kipa amepewa sekunde nane. Wao wamekuwa na miezi mingi tangu sheria ipitishwe, na muda wao nao unahesabiwa.